Amin Niliyoitikia Uani

Mwanangu Idrisa,

Nimekasirika. Naliweka hili mwanzo kabisa ili usije ukalitafuta katikati ya maneno matamu ukalikosa. Barua ya mama kwa mtoto anayesafiri huanza na dua, na dua utaipata, lakini leo itangoja kidogo.

Umekwenda Kerege kuaga rafiki zako na umesema utarudi baada ya isha. Mimi nimeketi sebuleni, kwenye kiti cha marehemu baba yako, kiti ambacho maisha yangu yote ya ndoa nilikipangusa vumbi na sikukikalia. Mbele yangu ipo mitambo yake: amplifaya, deki ya kaseti, spika mbili kubwa zilizovaa vitambaa nilivyozishonea mwenyewe, na juu ya yote ile dikoda, kisanduku chake cha kugawa sauti. Nakuandikia maana nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo, utasema, "Mama, tulia kwanza," na mimi nikiambiwa nitulie husahau nilichotaka kusema.

Mambo ya kula, kulala na kuswali unayajua. Nguo za baridi ya Mbeya nimeshakupakia. Ninayotaka kuyasema ni ya jana.

Jana ilikuwa dua ya kukuaga. Nilipika pilau tangu alfajiri pamoja na dada yangu Tatu, aliyekuja kutoka Mlingotini na kapu la samaki ambao hakuna aliyemwomba. Wanaume sebuleni, wanawake uani, pazia katikati, kama nyumba yetu ilivyozoea. Wewe ulishughulika na mitambo. Ulipuliza vumbi, ukabadilisha waya mmoja uliooza, ukachomeka maiki ya kuazima kwenye deki, kisha ukavuta waya za spika mbili ndogo hadi kwetu uani, ukazitundika kwenye misumari ile ile aliyoipigilia baba yako. Nilikuangalia mgongoni nikamwona yeye. Nilifurahi, sitakuficha. Nikamwambia Dada Tatu, "Mwangalie, baba yake mtupu." Sikujua nilikuwa nasema kweli kiasi gani.

Ulitoa kichwa kwenye pazia ukauliza, "Inasikika huko, Mama?" Kaseti ya kasida ilikuwa inacheza. Matari yalikuwa yanasikika, na makofi ya watu yanasikika. Nikakujibu, "Inasikika." Hapo nami nina kesi yangu, na nitaifikia.

Dua ilisomwa kwa mdomo mtupu, wanaume wote kwa pamoja. Tukaipata kupitia ukutani, tukaitikia. Halafu mkaanza kusema kwenye maiki, na sisi uani tukabaki na mvumo. Mmmm, kama jokofu. Dada Tatu akasema, "Mbona kimya, wamemaliza?" Nikamwambia labda wanakula. Tukaendelea kupakua. Masufuria yanagongana, watoto wanagombea viazi, na Bi Mwanaidi jirani anasimulia habari za kuku wake aliyeibwa. Baada ya muda tukasikia wanaume wote kwa pamoja, "Amin." Na sisi wanawake, mikono imejaa mafuta, tukaitikia kama tulivyolelewa, "Amin." Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote, maana niliamini mnamwombea mwanangu.

Kumbe mlikuwa mnanihamisha.

Habari nilizipatia kwenye beseni la vyombo. Bi Mwanaidi alitoka kuzungumza na mumewe barazani, akarudi uso umekunjuka. "Hongera, Mama Idrisa. Wanakupenda ukweni kwako. Na Chalinze si mbaya, umeme wao haukatiki ovyo siku hizi."

"Chalinze anakwenda nani?" nikamuuliza.

"Si wewe, jamani? Kwani hukusikia?"

Ndipo akanisimulia, sahani mkononi. Kwamba baba yako mkubwa Salehe alishika maiki akasema Idrisa anakwenda kazini, na mjane hawezi kubaki peke yake katika nyumba, kwa hiyo atahamia kwake Chalinze na nyumba hii itapangishwa. Kwamba wewe ulikuwa umekaa pembeni yake unatikisa kichwa kukubali. Kwamba akageukia pazia akasema kwenye maiki, "Shemeji, kama una neno, liseme. Ukinyamaza tutajua umeridhia." Mume wa Bi Mwanaidi anasema alingoja vizuri tu, hakuharakisha. Mwenye neno hakusikika. Ikasomwa Fatiha, wakaitikia amin, na kutoka uani ikarudi amin nyingine, nzito, na sauti yangu ilikuwa juu yake. Watu walifurahi, anasema. Walisema mama huyu ana imani.

Nilipokuuliza baadaye, wakati unakunja mikeka, ulinijibu bila hata kuinua uso. "Mama, si uliulizwa mbele ya watu? Na uliitikia mwenyewe. Tulikusikia."

Mlinisikia. Mimi sikuwasikia ninyi, lakini ninyi mlinisikia, basi hesabu ikafungwa.

Kisha ukaongeza jambo lililonikata maini. Ukasema kabla ya baba yako mkubwa kushika maiki, ulisimama wewe ukanishukuru. Ukasema ulisema mengi, ya tangu utoto wako, mpaka wazee wakafuta macho. "Na hilo pia hukusikia?" ukaniuliza. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Ulidhani ninalia kwa ajili ya safari yako. Nilikuwa natafuta kitu cha kurusha, na kila nilichoshika nilikuwa nimekinunua mwenyewe.

Sasa nikueleze habari ya dikoda. Unaijua kuliko mimi, lakini wewe unaijua kwa upande wa mbele.

Baba yako aliinunua kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa hapa mjini, walipokuwa wanahamia Dar. Wao waliitumia kutazamia filamu zao. Kijitabu chake cha maelekezo kilikuwa kimepotea zamani. Aliileta nyumbani imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, akaiweka mezani, na kwa mwezi mzima kila mgeni aliyeingia aliuliza inashika stesheni ngapi. Baba yako alikasirika kila mara. "Si king'amuzi cha televisheni hiki," aliwaambia. "Hiki kinagawa sauti." Akahangaika na waya zake mpaka chakula kinapoa. Sauti inatoka kwenye amplifaya, inaingia kwenye dikoda, ya mbele inarudi kwenye amplifaya, ya nyuma inakwenda kwenye amplifaya nyingine ndogo, na kutoka hapo ndiyo inakwenda kwenye spika za nyuma. Na pale mbele pana kitufe cha kubonyeza, usipokibonyeza hakuna kinachopita. Siku tatu alihangaika kwa sababu ya kitufe hicho. Nayajua yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika tochi.

Na alinieleza. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba alinieleza vizuri kabisa. "Zuhura, sikiliza," alisema, mikono yote miwili hewani. "Mwimbaji anaingia kushoto na kulia sawasawa. Dikoda inalinganisha. Kinachofanana pande zote mbili kinabaki mbele. Kinachotofautiana, mwangwi, makofi, fidla za pembeni, hicho ndicho kinakwenda nyuma. Unajiona umekaa ndani ya ukumbi wenyewe." Nilimpenda sana alipokuwa anaeleza kitu. Bado nampenda, na bado nimemkasirikia, yeye na kaburi lake.

Kwa sababu baada ya kueleza vile, alitafuta nyuma iko wapi. Sebuleni kochi refu limeegemea ukuta. Na mwanamume aliyezaliwa katika nyumba hii alijua nyuma moja tu, nayo ni kwetu. Akachukua nyundo, akapita na spika zake hadi uani, akapigilia misumari juu ya jiko langu. "Na wanawake nao wapate haki yao," alisema. Alikuwa na nia njema, sikatai. Aliona tunavyobanana huku nyuma hatusikii kitu, akatuletea spika. Mabibi wote walimwombea dua siku hiyo.

Na kuanzia siku hiyo tukapata makofi ya watu wengine.

Ikiwekwa kaseti ya tarabu, mbele wanaume walipata mwimbaji na mafumbo yake yote. Sisi tulipata fidla zinalia peke yazo na ukumbi unashangilia kitu tusichokijua. Wakicheka mbele, huku tunaulizana kasemaje. Mwishowe tukaanza kutia maneno yetu wenyewe. Dada Tatu alikuwa hodari wa mchezo huo. Alimtungia Shemeji Salehe beti za tumbo lake na baiskeli yake mpaka tukalazimika kukaa chini. Tulicheka, sitakudanganya kwamba tulikaa tunalia. Baba yako akisikia kicheko aliwaambia wageni wake, "Mnaona? Nao wamefurahi."

Na akiongeza sauti kwa kile kitufe kikubwa, kwetu hakuongezeki kitu, maana spika zetu zilikuwa na amplifaya yao ndogo. Basi alipaza sauti kupitia pazia, "Inasikika huko?" Na mimi nilijibu, "Inasikika."

Hapa ndipo kesi yangu. Unadhani sikujua? Nilijua mapema. Siku moja, hujazaliwa bado, niliingia sebuleni na sinia ya kahawa, na kaseti ilikuwa inaendelea. Nikasikia mwanamke anaimba. Ulikuwa wimbo niliousikia uani mara nyingi mno, ningeweza kukuonyesha fidla inapoingia na inapotoka, na sikuwa najua kwamba una mtu ndani. Nilisimama na sinia yangu mpaka baba yako akauliza kama kahawa imemwagika. Nikasema haijamwagika. Nikawawekea vikombe, nikarudi nyuma ya pazia, na alipouliza tena, "Inasikika?" nikajibu vile vile.

Nilimwonea huruma. Aliipenda ile dikoda, na alikuwa amejisumbua kwa ajili yetu, na mimi nikaona si jambo la kumvunjia moyo mtu. Wimbo tu, nikasema. Hakuna anayekufa kwa kukosa wimbo. Nikaisema ile "inasikika" mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa ndiyo jibu la nyumba hii. Wanawake wote waliopita uani kwangu waliijifunza kwangu. Na wewe uliisikia ukiwa mapajani mwangu, ukakua ukiamini kwamba mtu akiuliza huku nyuma, jibu linalorudi ni hilo. Huruma ile ndiyo iliyonifikisha Chalinze.

Lakini sitabeba kosa lote peke yangu, wala usinibebeshe. Mimi nilisema uongo wa adabu. Yeye alikuwa na miguu. Kutoka kiti hiki hadi mkeka wangu ni ukumbi mfupi tu, watoto wanautambaa. Angekuja mara moja, akakaa, akasikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Hakuja. Aliuliza kutoka mbele, akajibiwa, akatosheka.

Na wewe, Idrisa, wewe ulikuja.

Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulikuwa unalala kwangu uani wakati baba yako ana wageni. Siku moja ulitoroka ukapita chini ya pazia, ukakaa huko kidogo, kisha ukarudi unakimbia, macho yametoka. Ukanishika shavu ukaniambia, "Mama, kule kuna mtu anaimba." Nikakwambia najua, mwanangu, nenda kasikilize. Ukaenda. Hukurudi tena.

Sikulaumu kwa kwenda. Kila mtoto wa kiume wa nyumba hii hufika siku akavuka pazia, na mimi mwenyewe nilikusukuma. Nakulaumu kwa sababu ulijua. Ulikuwa mtu mmoja tu katika ukoo mzima aliyekaa pande zote mbili akasikia tofauti kwa masikio yake. Kisha ukasoma umeme, ukapata vyeti, na jana ukashika maiki moja, sauti moja, inayoingia kushoto na kulia sawa kabisa bila tofauti hata ya unywele. Ulijua dikoda itafanya nini nayo. Kinachofanana kinabaki mbele. Kwetu hakufiki kitu. Sisemi ulikusudia. Afadhali ungekusudia, ningejua ninagombana na nani. Hukufikiri, basi. Ulitundika spika mahali zilipokuwa zinatundikwa, ukauliza palipokuwa panaulizwa, ukajibiwa kinachojibiwa, ukaenda mbele kuzungumza juu ya maisha yangu.

Leo asubuhi ulipokwenda kukata tiketi, nilimweka Dada Tatu kwenye mkeka wangu uani, nikavuta pazia, nikashika maiki. "Tatu, unanisikia?" Kimya. "Tatu, samaki wako walikuwa na chumvi kama wa kopo." Kimya. Nikajua kweli haisikiki, maana hilo angelisikia, pazia lingeng'oka. Kisha nikaigeuza amplifaya nikaiangalia nyuma. Idrisa, kuna jozi ya pili ya matundu ya spika. Yapo hapo hapo chini ya yale yanayotumika, yamejaa vumbi na utando wa buibui, na hayajawahi kuguswa tangu siku ya kwanza. Nikazitoa waya zetu kwenye ile amplifaya ndogo, nikazichomeka humo, moja nyekundu na moja nyeusi kama nilivyomwona baba yako akifanya. Nikasema tena kwenye maiki, kwa sauti ya chini, "Tatu." Akapiga kelele huko uani, "Weee Zuhura, uko wapi, mbona umeniingia sikioni?"

Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Nilikaa sakafuni nikazitazama zile waya. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa haiwezekani, ni mtambo wa zamani, umetengenezwa hivyo. Kumbe iliwezekana siku zote. Ndiyo maana hasira ya leo ni kubwa kuliko ya jana.

Halafu nikazirudisha waya kama zilivyokuwa. Nina kazi nazo kesho.

Kuhusu Chalinze yenyewe, haina kosa. Ni mji wa watu. Nimelala kwa baba yako mkubwa mara nyingi, malori yanapita hadi asubuhi, mke wake ni mkarimu na ana maneno mengi. Lakini jiko langu la mikate liko hapa. Harusi ya Bagamoyo ikikaribia, mtu anajua aje kwa nani kuagiza mikate ya kumimina. Dada yangu yuko Mlingotini, nikiumwa asubuhi, adhuhuri yupo. Baba yako yuko hapa, na pamoja na kwamba leo sina hamu naye, sijamaliza kuzungumza naye. Na hiyo habari kwamba mjane hawezi kukaa peke yake, wakati wewe uko chuoni nilikuwa nakaa na nani? Paka?

Ungeniuliza, huenda ningekubali. Hilo pia ulijue. Mimi si mbishi wa kuzaliwa. Ungekuja ukakaa mkekani ukasema, "Mama, nina hofu kukuacha," ningekusikiliza, tungelia kidogo, tungepata njia. Hofu yako naijua, na inanigusa. Ila hukuniletea hofu yako. Uliipeleka kwa wanaume, wakaifanya uamuzi, mkaniletea amin.

Na usije ukaniambia ndiyo mila yetu, kwamba mwanamke akinyamaza nyuma ya pazia huhesabiwa ameridhia. Mila hiyo naijua kuliko wewe, mimi nimeolewa kwayo. Walikuja watu kwetu Mlingotini, babu yako akaja mlangoni mwa chumba changu akauliza, "Zuhura, kuna Hamadi wa Bagamoyo, unasemaje?" Nikanyamaza. Akauliza tena, nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Alisogea akanitazama usoni, akaniona ninavyojizuia kucheka, ndipo akarudi kuwaambia amekubali. Nilimtaka baba yako, Idrisa. Nilikuwa nimemtaka tangu Idi iliyotangulia. Kimya kile kilikuwa changu, nilikitoa kwa hiari, na aliyekipokea alikuja karibu akakitazama. Cha jana hakikuwa changu. Cha jana kilitengenezwa na waya, na hakuna aliyenyanyuka kuja kukitazama.

Kazi unayokwenda kuanza ni ya minara ya simu. Utakuwa unawapelekea watu sauti, na nafurahi, ingawa furaha yangu leo haionekani. Basi nakuomba jambo la kazi, na ndilo pekee nitakalokuomba. Ukimaliza kufunga mitambo yako kijijini kwa watu, na mama mmoja akakwambia kutoka jikoni kwake, "Inasikika, mwanangu, inasikika," usipakie vyombo ukaondoka. Huenda anakuonea huruma kwa jasho lako. Nenda hadi alipo. Kaa. Mwombe simu yake usikilize.

Sasa ya kesho.

Baba yako mkubwa ameahidi kufika mapema na pikapu. Anasema atakufikisha hadi Chalinze, upandie basi la Mbeya hapo, na pikapu hiyo hiyo itabeba vyombo vyangu. Mimi vyombo sijavifunga. Bi Mwanaidi na Dada Tatu na wanawake wengine wawili watakuja kabla yake, na watakaa sebuleni, kwenye makochi. Nimeshawaambia. Bi Mwanaidi aliogopa kidogo, nikamkumbusha kuku wake, akapata nguvu.

Wewe utampokea baba yako mkubwa kwa adabu zote, shikamoo yake umpe kamili. Mwambie sebuleni kuna wanawake, kwa hiyo apite uani apate chai. Atapita, si mtu wa kuingilia wanawake. Mketishe kwenye mkeka wangu, chini ya zile spika, umwekee mkate. Umkalie karibu. Mimi nitakuwa mbele na maiki. Nitasema neno langu kwa ukamilifu, kwa upole, bila kumvunjia heshima. Nitasema sihami. Nitasema nyumba hii haipangishwi nikiwa hai. Nitamshukuru kwa kunijali, kwa sababu amenijali. Kisha nitauliza kama kuna mwenye neno huko nyuma, na nitangoja, vizuri tu, sitaharakisha. Huko mtakuwa na mvumo wenu. Halafu wanawake watasema amin kwa pamoja, kwa sauti. Na baba yako mkubwa namjua, mtu wa dini, kipande cha mkate kinywani, ataitikia.

Hapo ndipo nitafungua pazia nimweleze ameitikia nini. Atakasirika. Ana haki, nami namwachia hasira yake, akae nayo siku moja kama nilivyokaa na yangu. Akishatulia, wewe utazihamisha waya kwenye yale matundu ya pili mbele ya macho yake, ili mkiondoka nyumba hii iwe na sauti moja mbele na nyuma.

Unaweza ukakataa. Unaweza ukamwonya barabarani, mkaja pamoja mmekunja nyuso, nami nitapigana nanyi bila mitambo. Sitahama kwa vyovyote. Sikuombi uniokoe, nataka kujua ninamuaga nani.

Lakini ukimketisha, Idrisa, basi wewe usiitikie. Ukisikia amin hiyo, nyanyuka kwenye mkeka, pita ukumbini, njoo mpaka nilipo, uniulize, "Mama, umesema nini?"

Nimelingoja swali hilo kutoka upande wenu tangu dikoda ilipoingia ndani ya nyumba hii. Niulize, halafu nitakupa dua yako yote, nami nikuache uende.

Mama yako,
Zuhura, wa Bagamoyo